Kitovu Kingali Kinapiga

Mtoto alitoka kimya, amelegea, rangi kama majivu. Mwanakheri, mama wa mzazi, akamnyooshea mkunga wembe mpya.

"Kata upesi, Bi Saumu. Huyu mtoto atammaliza mwanangu damu."

"Ngoja." Vidole vya mkunga vilikuwa juu ya kitovu, na kitovu kilikuwa kinapiga. "Moyo wake unafanya kazi. Mapafu ndiyo bado. Hewa yake ingali inapita humu, kutoka kwa mama yake."

Akamsugua mtoto mgongo kwa kanga kavu, akamsugua tena. Mtoto akapiga chafya, akalia. Midomo ikaingia rangi. Taratibu kitovu kikapunguza mapigo, kikatulia, kikawa cheupe. Bi Saumu akakifunga kwa uzi mahali pawili.

"Haya, kata wewe," mkunga akasema.

Mwanakheri aliushika wembe. Kwanza akakigusa kitovu kwa vidole, kuhakikisha kimeacha kupiga.