Ushuru wa Kusimama

Katikati ya jiji ardhi yote ilikuwa maegesho, na chochote kilichosimama kililipia nafasi yake, gari au mtu. Nguzo zilikusoma uso, simu ikakatwa salio papo hapo. Wakubwa walisema ndizo pesa zinazojenga barabara. Siwema, muuza vitumbua, hakuwa na salio la kuchezea, kwa hiyo tangu mwanawe Tunu aliposimama dede alimfunza kutembea tu.

Siku hiyo mama yake Siwema, Bi Somoe, alishuka basi kutoka Lindi. Akatua kikapu, akafungua mikono.

"Mjukuu wangu! Njoo nikubusu!"

"Shikamoo bibi!" Tunu akampita bila kugeuka.

"Marahaba... We Siwema, salamu gani hizi? Anafukuzwa na mbwa?"

"Twende mama, twende. Hapa ukisimama unalipa."

"Makubwa! Hata mbuzi husimama akapumua."

Nyumbani hakukuwa na nguzo. Bi Somoe akakaa mkekani, akampakata mjukuu wake. Mtoto akaanza kutetemeka, akirusharusha miguu hewani.

"Tulia, mjukuu wangu. Huku hatozwi mtu."

"Niachie bibi, mama atanifinya."

Bi Somoe akampandisha mkono wa gauni. Alama zilikuwa nyingi, nyingine mbichi. Akamtazama bintiye.

Siwema alitaka kusema kwamba alifanya kwa mapenzi, kwamba ushuru ungewala wote. Tunu alikwisha kuchomoka, anazunguka chumba, anamtazama mama yake kila anapompita, kuona kama anakwenda vizuri.