Shahidi Chini ya Ngozi

Kabla ya kuubonyeza mkono wa mkewe, Mfaume alilamba kwanza kidole gumba. Alifanya hivyo kila jioni, na kila jioni Mwanaasha aligeuzia uso ukutani.

"Ipo," alisema mumewe, akikipapasa kile kigumu juu ya kiwiko kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

Chipu aliinunua Dar. Muuzaji alimwambia mke akiwekewa, simu itamwonyesha popote aendapo. Akampeleka zahanati ya Kiranjeranje. Nesi Theresia akamzuia mlangoni. "Baba, chumba cha kina mama hiki. Subiri nje."

Ndani alimuuliza Mwanaasha jambo moja kwa sauti ya chini. Mwanaasha akaitikia kwa kichwa. Alitoka na bandeji.

Tangu hapo Mfaume akawa anajigamba kijiweni. "Wa kwangu ana alama. Ninyi wenzangu mnafuga kienyeji!"

Wenzake walicheka mpaka wakatema kahawa.

Mtoto wa pili hakuja. Mama mkwe alichemsha mizizi michungu, akamsimamia Mwanaasha mpaka tone la mwisho.

Msimu wa korosho ulipokaribia kwisha, Mfaume alimwita baba yake mkubwa, Mzee Haruna.

"Huyu jana alisema yuko shambani anaokota korosho. Simu inasema alikuwa nyumbani kwa jirani yetu Abilahi. Tazama mwenyewe."

Kwenye kioo, kitone chekundu kilikuwa kikimwekamweka.

"Nilikuwa shambani, baba," Mwanaasha alisema, macho chini.

"Mtu husema uongo," mama mkwe alidakia. "Mashine ina husuda gani na wewe?"

"Namwacha," Mfaume alisema. "Siishi na mzinzi. Na Imani anabaki hapa kwa bibi yake."

Imani alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, mdomo wazi.

Mzee Haruna alishusha pumzi. "Mwanangu, una la kujibu?"

Mwanaasha hakuwahi kupaza sauti mbele ya wakwe zake. Jibu alikuwa nalo. Lingemwokoa na tuhuma ya Abilahi, lakini baada ya hapo nyumba hii isingemsamehe.

Mfaume aliuvuta mkono wa mkewe. "Mama, gusa. Mhakikishie baba."

Mama mkwe akabonyeza. "Ipo."

"Chipu yenu Theresia aliitupa chooni siku ileile; simu hiyo haijawahi kujua nilipo," Mwanaasha alisema. "Hicho unachokigusa, mama, ni kijiti cha kuzuia mimba. Nilikiomba mwenyewe. Sikutaka kumzalia tena mwanao."