Namba Ngapi?

Tangu Mwanahawa afungue saluni, wateja wake huchagua maua ya hina kwa namba kwenye picha za ukutani. Idd ilipokaribia, mdogo wake Zamda alikuja akaketi, akanyoosha mkono.

"Namba ngapi?" Mwanahawa akauliza.

"Namba? Dada, mimi ndiye wa namba?" Zamda alicheka, lakini mkono ukashuka. "Zamani jikoni kwa mama ulinichora mpaka kwenye kiwiko, maua yote ya kichwani mwako."

"Zamani hina haikuwa ikilisha watoto wangu."

"Leo pumzisha biashara. Nichore tu."

Mwanahawa aliushika ule mkono. Alifikiri sana, na ua halikuja. Nje wateja walikuwa wakimwita. Akafumba macho, akagusa kiganja kwa hina, na mstari ukaanza kujipinda kuwa ua lisilo na namba.