Madaktari wa Chifu

Vasiti alikuwa ameshapanda boti, mtoto kifuani, injini inanguruma, pale nahodha alipoizima.

"Kuna wageni wa chifu," alisema. "Shuka kwanza, dada."

Seini, huyo mtoto, alikuwa na homa tangu juzi, na kifua kilikuwa kinabonyea kila akivuta pumzi. Hospitali iko ng'ambo, kisiwa kikubwa. Lakini kisiwani kwao, wageni wakishatua na bakuli la yaqona, kinywaji cha kuwapokelea, likaanza kuzunguka, hakuna boti inayoondoka. Ukiondoka umemtukana chifu. Na Vasiti, mke aliyeolewa tu hapo, ana ubavu gani wa kumtukana chifu? Akashuka.

Wageni walikuwa wamevaa makoti meupe, mapya kabisa, na vile vipimo vya kusikilizia moyo vinaning'inia shingoni. Mama mnene aliyewaongoza alisema wamekuja kwa mambo ya udaktari. Msemaji wa chifu, ambaye kwa desturi hampokei mgeni kwa maneno madogo, akawatangaza kuwa ni matabibu wakuu wa Australia, waliovuka bahari kuja kutuponya. Bakuli likanywewa. Likishanywewa, mgeni ni vile alivyotangazwa, na kumchunguza zaidi ni utovu wa adabu.

Vasiti akaomba boti tena. Mama mkwe wake, Lusiana, akamkemea. Hospitali imekufuata mlangoni, alimwambia, nawe unataka kuifuata baharini? Chifu auweke wapi uso wake? Boti yenyewe ikatumwa nje ya miamba kutafuta samaki wa karamu. Ile iliyoleta wageni ilikuwa imeshageuza.

Basi akapanga foleni kama wenzake. Aliyempata aliitwa Angus, mrefu, shingo nyembamba kama ya kuku. Lusiana alinong'ona kwamba siku hizi hata madaktari wamezaliwa juzi, na wanawake wakacheka mpaka wakafunika midomo. Angus aliweka kipimo kwenye kifua cha Seini, akasikiliza sana, akakihamisha, akasikiliza tena. Akasema mtoto ana macho mazuri. Akampa Vasiti mswaki.

Vasiti akashukuru. Angefanya nini, jamani? Daktari akiona hakuna neno, wewe mama tu uliyeishia shule ya kijijini utambishia kwa lipi? Alirudi nyumbani, akajaribu kumnywesha mtoto maji kwa kijiko. Yote yakarudi.

Alasiri ikaisha, boti haijaonekana. Midomo ya Seini ikaanza kupiga rangi ya majivu. Lusiana naye sasa alikuwa kimya, anampepea mjukuu kwa kipepeo cha ukili, na ukimya wake ndio uliomtisha Vasiti kuliko homa.

Hakuomba ruhusa ya mtu. Alikimbia hadi kwenye ukumbi wa kijiji, ambako wageni walikuwa wanafundishwa kucheza ngoma huku wanapigana picha. Alipita mbele ya chifu bila kuinama, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya pale, akamweka Seini mikononi mwa Angus.

"Daktari, hapumui vizuri. Nakuomba, mfanyie kitu. Chochote."

Ngoma ikakatika. Angus alimtazama yule mama mnene, naye alikuwa amejishika mdomo. Watu wote walikuwa wanaingoja kauli ya daktari.

"Mama, mimi niko kidato cha tano," Angus alisema. "Shule imetuleta tuone kama tutaipenda hii kazi."