Goti la Shaweji

Shaweji alirudi klabuni mchana, baada ya msimu mzima wa kuchezea kwa mkopo timu ya mji jirani. Aliondoka mwembamba, akichechemea kila baridi ikiingia. Sasa kifua kilikuwa kimejaa, na alipomaliza kuzunguka uwanja bila hata kuhema, kocha alipiga makofi peke yake.

"Wamemlea vizuri," kocha alimwambia Mwanahawa, mkandaji wa timu. "Mkague goti tu. Jumamosi nampanga."

Mwanahawa alipasha mafuta viganjani, akalishika goti la kulia. Alilijua kuliko uso wa kijana mwenyewe. Yeye ndiye aliyeliuguza lilipopasuliwa, akalikanda lile kovu nene hadi likalainika. Vidole vikalitafuta. Ngozi ilikuwa nyororo kama ya mtoto mchanga. Akajaribu goti la kushoto, kisha akarudi kwenye la kulia.

"Kovu lako liko wapi, mwanangu?"

"Kule hawapendi makovu, mama."

"Wameliondoaje?"

"Hawakuliondoa." Kijana alikuwa akitazama dari. "Walibaki na mwenye kovu, wakanileta mimi."

Mwanahawa akaondoa mikono. Nje, kocha aliita jina la Shaweji, na wenzake wakashangilia.

"Malizia, mama," kijana alisema, akiunyoosha mguu. "Mwenye kovu akilia hulitaja jina lako. Aliniambia mikono yako haiumizi."

Juu ya goti mafuta yalikuwa bado yametuama, yenye alama za vidole vyake, hayataki kupenya.