Kizibao cha Kugeuza

Mwindaji aliyempiga risasi mume wa fundi cherehani, akidhani ni swala, aliingia dukani kwa mjane huyo na kitambaa cha rangi ya chungwa.

"Shemeji, sheria imeshapita. Bila kizibao cha rangi hii, askari hawaturuhusu kuingia msituni."

Fundi alimpima mabega. Mahakamani mtu huyu alisema marehemu angevaa rangi ya kuonekana, angekuwa hai. Shingoni mwake mshipa ulipiga taratibu, kama wa mtu anayelala vizuri.

"Ila nishonee cha kugeuza. Nikishawapita askari, nageuza ndani nje. Rangi hii inafukuza wanyama."

"Jumamosi mtakuwa wengi?"

"Kila kichaka na bunduki yake." Akakohoa. "Yaliyopita si ndwele, shemeji."

"Tugange yajayo," fundi akaitikia. "Ndani niweke rangi gani?"

"Yoyote. Wewe ndiye fundi."

Fundi alipitisha mkono juu ya majora ya vitambaa. Akaruka nyeupe, akaruka nyekundu, akasimama kwenye kahawia iliyofanana kabisa na ngozi ya swala.

Akachukua mkasi.