Akinikonyeza Mwenzangu

"Akinikonyeza tu, najua ana nini," alisema yule mama, akacheka mpaka hereni zikatikisika. "Akiuma mdomo, ndiyo usiseme!"

Edurne hakucheka. Kazi yake ilikuwa kusoma swali, kisha kumwuliza mtu ameelewaje. Hojaji hiyo ya wivu ilitoka Uingereza, naye na Gorka walikuwa wanaijaribu kwa Kihispania kabla haijapelekwa kwa watu wengi. Neno moja liliwagombanisha wiki nzima: pareja, yaani mwenzako. Gorka hakulitaka. Lina maana nyingi mno, alisema, hata askari wawili wa doria huitwa hivyo. Edurne akashikilia lake.

"Swali la nne," alisoma. "Mwenzangu akimwangalia mtu mwingine, naumia."

"Thubutu! Iñaki akikaa mbele yangu, macho yake ni kwangu tu."

"Iñaki?"

"Fundi funguo, wa kando ya uwanja wa mafahali. Humjui? Kila Alhamisi tuko pamoja."

Kalamu ilimdondoka Edurne. Fundi funguo wa kando ya uwanja wa mafahali, Pamplona nzima, ni mmoja tu, naye alikuwa mumewe. Alhamisi, kwa alivyomwambia, ni siku ya kuchelewa dukani. Na nyumbani siku hizi hataki kitu. Matembezi hataki, karata walizokuwa wakicheza enzi za uchumba hataki, eti kazeeka. Kumbe uzee wenyewe una siku zake!

"Na mume wako, mama, anasemaje?" aliuliza, ingawa swali hilo halikuwamo.

"Aseme nini? Anatuletea mvinyo, anakaa pembeni anatutazama."

"Makubwa! Na mkewe Iñaki je?"

"Maskini, hajui kitu. Iñaki anasema alijaribu naye zamani, ikawa kichekesho. Mama wa watu uso wake hausitiri jambo. Anasomeka toka mlangoni."

Edurne alihisi uso huohuo unawaka moto. Alitamani amrukie yule mama, amng'oe hereni moja baada ya nyingine.

"Njoo Jumamosi utuone, mwanangu," mama alisema, akinyanyuka na mkoba wake. "Tumeingia fainali ya karata. Akiuma mdomo, ujue kashika wafalme wawili. Mwaka wa tisa huu, hatujawahi kukosea ishara."

Mlango ulipofungwa, Gorka, aliyekuwa pembeni akiandika majibu, alipiga meza kwa furaha.

"Umesikia? Mwenzi wa karata! Nilikwambia mimi, neno hilo litatuponza. Leo tunalifuta."

Edurne alikuwa amevuta hojaji tupu, akijijazia mwenyewe, akizungushia namba ya juu kabisa ya wivu kwa kila swali.

"Liache," alisema. "Linapima barabara."